KUMTENGA MGONJWA SI KUMTUPA



Mwezi huu sitawaandikia juu ya kliniki ya watoto wala juu ya kuchemsha maji ya kunywa, ingawa mambo hayo hayaishi. Ninalo jambo lililonikaa moyoni tangu mwaka 2021, na naona hatujalizungumza sawasawa, si majumbani wala hospitalini. Ni hili: ugonjwa wa kuambukiza unapoingia, na ikabidi mgonjwa atengwe na watu, tunawiwa nini na mtu huyo aliyetengwa?

Katikati ya mwaka huo ugonjwa wa Uviko-19 ulikuwa umepamba moto, nami nilikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika wodi ya kutengea wagonjwa. Alikuwamo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, kifua kimembana, akipumua kwa msaada wa mtungi wa oksijeni. Amri ya wodi ilikuwa moja: ndugu haingii. Mke wake alikaa nje ya uzio chini ya mwembe siku tatu. Kila asubuhi alileta chupa ya uji, akampa mlinzi, na mlinzi akatufikishia.

Usiku wa tatu yule mzee aliniuliza, "Sista, mama yule yupo?" Nikamjibu, "Yupo nje, Mwalimu, anakusalimu." Akanyamaza. Baada ya saa moja hivi akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi. Nikamjibu vile vile, kisha nikaenda kumtazama mgonjwa mwingine aliyekuwa akihangaika. Saa kumi alfajiri niliporudi kitandani pake alikuwa amekwisha kata roho.

Kulipokucha nilikwenda kumpa mke wake habari, uzio ukiwa katikati yetu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Alisema nini, mwanangu?" Nikamwambia, "Alikuulizia, mama." Akauliza, "Mara ngapi?" Nikasema mara mbili. Basi akanyoosha mkono, akanipa chupa ya uji aliyokuwa amekuja nayo asubuhi ile, akasema, "Mpe mwingine."

Usiku ule magauni ya kujikinga na barakoa vilikuwapo stoo. Simu yangu ilikuwa katika kabati la wauguzi, ina salio, na mlinzi pale getini naye alikuwa na simu yake. Kutoka mwembeni hadi kitanda cha yule mzee hapakufika hatua mia moja. Nilitii amri ya wodi, wala hakuna aliyenilaumu. Hata hivyo mpaka leo siwezi kusema kwamba nilitenda vema.

KUTENGA KUNAOKOA WATU

Sisemi kwamba kutenga wagonjwa ni vibaya. Nimefanya kazi hii kwa zaidi ya miaka thelathini, na najua kinachotokea pale ambapo mgonjwa wa kuambukiza analala katikati ya watu bila kinga yoyote.

Mwezi wa Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika mkoa wa Kagera. Walihesabiwa wagonjwa 9, na 6 kati yao walikufa. Miongoni mwa waliougua walikuwamo wahudumu wa afya. Wagonjwa walitengwa, na watu waliokuwa wamewagusa wakafuatiliwa siku 21, kwa kuwa ndio muda mrefu ambao ugonjwa huo huweza kujificha mwilini kabla ya kuonekana. Tarehe 2 Juni mwaka huo huo ulitangazwa kwisha. Januari 2025 ukatokea tena mkoani humo, wilaya ya Biharamulo, na safari hii watu wote 10 waliohesabiwa kuugua walikufa. Ugonjwa wa namna hii ukiachwa utembee, unamaliza ukoo.

Nilipomsimulia daktari mmoja habari za yule mwalimu, aliniuliza hivi: "Kama ungemwingiza yule mama, naye akaugua akafa, wale wajukuu anaowalea ungempa nani?" Swali hilo ni la haki. Hata mimi najiuliza hivyo hivyo. Muuguzi hana ruhusa ya kununua faraja ya mtu mmoja kwa uhai wa watu wengine.

Lakini kati ya kumwingiza yule mama bila kinga na kumwacha chini ya mwembe bila neno, zipo hatua nyingi. Sisi hatukujaribu hata moja. Tulifunga mlango, tukadhani kazi imekwisha. Hapo ndipo kutenga kulipogeuka kuwa kutupa.

WAZEE WALIJUA TOFAUTI HIYO

Wako wanaodhani kwamba kutenga wagonjwa ni jambo lililoletwa na hospitali, na kwamba desturi zetu Waafrika zinatufundisha kukaa na mgonjwa wakati wote, liwalo na liwe. Tuwatazame jirani zetu Waacholi wa kaskazini ya Uganda.

Mwaka 2000 ugonjwa wa Ebola uliingia Gulu. Mpaka ulipokwisha mwaka 2001, watu 425 walikuwa wameugua na 224 wamekufa. Wataalamu waliokwenda kukaa na wananchi waligundua kwamba Waacholi walikuwa na taratibu zao za zamani kwa ajili ya tauni kubwa, ambayo wao huiita gemo. Wazee wakishatambua kwamba gemo imeingia, mgonjwa huwekwa katika nyumba ya peke yake, umbali wa mita 100 hivi kutoka nyumba nyingine. Mlangoni husimamishwa fito mbili ndefu za matete ili mpita njia ajue asiingie. Watu hupunguza safari na kutembeleana. Aliyepona hukaa kando mwezi mzima wa mbinguni kabla ya kurudi kati ya watu. Akifa mtu, huzikwa pembeni mwa kijiji na yule aliyezoea kuwahudumia wagonjwa hao.

Basi ni nani anayemlisha mgonjwa katika nyumba ile? Desturi inajibu: yule aliyekwisha ugua ugonjwa huo akapona. Kama hayupo, mzee, mwanamke au mwanamume, ndiye huchukua kazi hiyo. Wageni hawaruhusiwi, lakini mtu wa kumpa chakula na kumsemesha amekwisha teuliwa. Wazee wale hawakusoma vitabu vya uuguzi, na ugonjwa walikuwa wakiuogopa kama sisi tulivyoogopa. Ila katika kupanga jinsi ya kumtenga, walipanga pia ni nani atakayekuwa naye.

MGONJWA AKITUPWA, UGONJWA HUJIFICHA

Huko huko Gulu palitokea pia jambo la kutufundisha. Waliokufa kwa Ebola hospitalini walizikwa haraka na kikosi maalumu karibu na kiwanja cha ndege, na ndugu wengine hawakupata nafasi ya kuona. Kukazuka maneno kwamba viungo vya wafu vinauzwa. Basi watu wakaanza kulikimbia gari la wagonjwa na kuficha wagonjwa majumbani. Mtu asingalaumu tu ujinga. Ukiondoka na baba wa mtu akiwa hai, ukarudi na habari kwamba ameshazikwa, watoto watasadiki lolote.

Haya yalirudi kwa ukubwa zaidi Afrika ya Magharibi. Katika Guinea, Liberia na Sierra Leone, kati ya mwaka 2014 na 2016, waliugua watu zaidi ya 28,000 na wakafa zaidi ya 11,000. Maiti ya Ebola huambukiza sana, na desturi ya kuosha na kushika maiti ilichangia mno: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba angalau asilimia 20 ya maambukizo mapya yalitokea katika mazishi. Agosti 2014 serikali ya Liberia iliagiza miili ya waliokufa Monrovia ichomwe moto. Kwa upande wa virusi, amri hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Lakini kwa watu wa Liberia kuchoma maiti lilikuwa jambo la kutisha, na matokeo yake ni kwamba familia nyingi zilificha wagonjwa ili wasife mikononi mwa serikali, na nyingine zikazika usiku.

Novemba 2014 ukatolewa mwongozo mpya wa mazishi, uliotungwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Msalaba Mwekundu na mashirika ya dini, Caritas ikiwamo. Mwongozo huo haukulegeza kinga hata kidogo: maiti haikuguswa na ndugu, haikuoshwa, waliobeba walivaa mavazi kamili. Kilichoongezwa ni heshima. Familia iarifiwe kwanza na ikubali. Iulizwe inataka sala gani. Ipewe nafasi ya kuaga kwa mbali, na kaburi liwe na jina. Mambo haya hayagharimu dawa wala mashine.

Na ndugu zetu wa mashariki ya Kongo, ambao ni Waswahili kwa lugha kama sisi, walipopatwa na Ebola kati ya mwaka 2018 na 2020, waliugua watu 3,470, wakafa 2,287. Huko Beni vilitumika vyumba vya plastiki angavu. Mgonjwa yumo ndani, muuguzi anamhudumia kwa mikono iliyopita ndani ya mipira iliyoshikizwa ukutani, na mama au mume anakaa nje upande wa pili, wanaonana uso kwa uso na kusemezana. Watoto ambao mama zao walikuwa wametengwa walilelewa na watu waliopona Ebola, ambao miili yao ilikuwa na kinga. Hapo nikakumbuka Waacholi. Jambo ni lile lile, isipokuwa matete yamekuwa plastiki.

KILA UGONJWA NA KIPIMO CHAKE

Kanuni ya kwanza ya haki ni kwamba mtu atengwe kadiri ugonjwa wake unavyotaka, isizidi hapo. Ili tuipime kadiri hiyo, ni lazima tujue ugonjwa unapitia wapi.

Nilipoanza mafunzo ya uuguzi mwanzoni mwa miaka ya 1990, hofu ya UKIMWI ilikuwa imetanda. Niliona wagonjwa waliowekewa sahani yao, kikombe chao na ndoo yao, vimefungwa kitambaa ili visichanganywe. Wengine walilazwa chumba cha mwisho, na chakula kikaachwa mlangoni. Tulijua hata wakati ule kwamba virusi vya UKIMWI haviambukizi kwa sahani wala kwa kushikana mikono. Kitambaa kile kilikuwa kwa ajili ya hofu yetu tu. Wengi walikufa hawajaguswa na mkono wa mtu kwa miezi, bila sababu yoyote ya kitabibu. Jambo hilo ni deni letu sote wa kizazi changu.

Kifua kikuu hupita hewani, hivyo mgonjwa mpya yafaa alale peke yake, dirisha likiwa wazi, na azibe mdomo anapokohoa. Lakini akiisha kuanza dawa zinazoufaa ugonjwa wake na akazimeza kila siku, uwezo wake wa kuambukiza hupungua haraka, kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi. Anayeendelea kumbagua mgonjwa wa namna hiyo mwezi wa tano anajitungia ugonjwa mwingine.

Kipindupindu hupita katika kinyesi na matapishi yanayoingia katika maji na chakula. Mgonjwa hutengwa, lakini ndugu mmoja anaweza kumhudumia, mradi anawe mikono kwa sabuni kila mara na asile wala kunywa karibu na kitanda.

Ebola na Marburg hupita katika damu, matapishi, kinyesi, jasho na majimaji mengine ya mwili. Hapa kinga ni kali, na maiti haiguswi hata kidogo. Lakini mtu ambaye hajaanza kuumwa haambukizi, wala magonjwa haya hayarukii mtu kwa kutazamana kwa mbali. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuonwa na kusemeshwa ng'ambo ya uzio.

Uviko-19 hupita hewani, hasa katika vyumba vilivyofungwa. Barakoa nzuri, dirisha wazi na muda mfupi vingetosha kumfikisha yule mama kitandani kwa dakika kumi.

AMBAO TUNAWASAHAU

Mgonjwa si peke yake anayetupwa wakati wa ugonjwa wa mlipuko.

Kuna aliyepona. Anarudi kijijini na cheti cha hospitali mfukoni, anakuta godoro lake limechomwa moto, mwenye nyumba amempa chumba mtu mwingine, na sokoni hakuna anayenunua ndizi zake. Aliyepona Ebola au Marburg yafaa afuate mashauri ya daktari; kwa mfano mwanamume ajue kwamba virusi huweza kubaki katika shahawa kwa miezi kadhaa, na apimwe. Lakini kumsalimu, kula naye, kukaa naye benchi moja kanisani, hakuna hatari. Mkimkimbia huyo, mgonjwa anayefuata atafichwa na mama yake, na mtakuwa mmemfundisha ninyi wenyewe.

Kuna pia anayehudumia. Ebola ilipoingia Gulu, iliua wauguzi katika hospitali ya misheni ya Mtakatifu Maria, Lacor. Wauguzi waliobaki waliogopa, na ilikuwa haki yao kuogopa. Mkuu wa hospitali, Daktari Matthew Lukwiya, aliwaambia kwamba atakaye kuondoka aondoke, ila yeye atabaki. Wengi wakabaki naye. Tarehe 5 Desemba 2000 alikufa yeye mwenyewe kwa Ebola, mmoja wa wahudumu 13 wa hospitali ile waliopoteza maisha.

Namheshimu sana daktari huyo. Hata hivyo naogopa tunapoisimulia habari yake kana kwamba kufa ndiyo kazi ya muuguzi. Tunayo haki ya kudai mipira ya mikono, barakoa na magauni, na wanaosimamia hospitali, ziwe za serikali au za Kanisa, hawana haki ya kumtuma mtu kwa mgonjwa mikono mitupu kisha wakamsifu mazishini. Machi 2021 Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba kwa muda wa miezi miwili walikuwa wamefariki mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60, baada ya matatizo ya kupumua. Watu hawa hawaokotwi. Kuwakinga ni sehemu ya kumhudumia mgonjwa, kwa kuwa muuguzi aliyekufa hamgeuzi mgonjwa kitandani.

Na sisi wauguzi tunaporudi nyumbani, tusipishwe njia kama wachawi. Mwaka 2020 mwenzangu mmoja alikuta majirani wamewazuia watoto wake kuchota maji bombani. Alilia siku ile kuliko siku yoyote aliyopoteza mgonjwa.

JE, PADRE ASIINGIE?

Wasomaji wengi wameniuliza swali hili, nami nalijibu kwa yale niliyoyaona na niliyofundishwa na mapadre wetu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1000, inasema mhudumu wa Mpako wa Wagonjwa apake kwa mkono wake mwenyewe, isipokuwa pakiwa na sababu nzito ya kutumia chombo. Kwa hiyo padre aliyevaa mipira na gauni, akapaka mafuta kwa pamba, amempa mgonjwa sakramenti kamili. Sisi wauguzi tuna wajibu wa kumwonyesha jinsi ya kuvaa, na hasa jinsi ya kuvua, maana wengi huambukizwa wakati wa kuvua.

Na pale ambapo padre hawezi kabisa kuingia, mgonjwa asidhani amefungiwa mlango wa mbinguni. Machi 2020 Idara ya Toba ya Kitume huko Roma ilitoa rehema kamili kwa wagonjwa wa Uviko-19, kwa wanaowahudumia na kwa wanaowaombea, na ikawakumbuka wazi wale wanaokufa bila kuweza kupata Mpako. Muuguzi Mkristo anaweza kumshikia msalaba mbele ya macho yake na kusali naye Baba Yetu. Na mgonjwa wa dini nyingine aulizwe naye angependa nini. Wapo Waislamu niliowawekea simu sikioni wakasomewa na ndugu zao, na nyuso zao zikatulia.

FAMILIA IFANYE NINI

Ndugu zangu, amri za kutenga zitakuja tena, maana magonjwa haya hayajaisha duniani. Zikija, zitiini. Msimtoroshe mgonjwa kwa pikipiki usiku, msiwafiche wauguzi dalili, msioshe maiti kwa siri. Ndugu anayedanganya kwenye meza ya mapokezi kwamba mgonjwa ana malaria tu, huenda anamwua binti wa mtu aliyekaa nyuma ya meza hiyo. Huko nako ni kumtupa mtu.

Lakini mkiisha kutii, ulizeni. Maswali haya ni haki yenu, na muuguzi mwema hatakasirika:

1. Ugonjwa huu unaambukizaje, na mgonjwa wetu atatengwa siku ngapi?

2. Nani atatupa habari zake, na saa ngapi kila siku? Teueni ndugu mmoja wa kupokea habari, msije watu kumi getini.

3. Je, anaweza kusikia sauti zetu kwa simu? Andikeni namba kwa wino kwenye karatasi, mwipeleke wodini siku ile ile ya kwanza, maana baadaye mgonjwa huenda asiweze kuzitaja.

4. Je, kuna dirisha au uzio ambapo tunaweza kuonana kwa mbali?

5. Hali ikiwa mbaya, mmoja wetu anaweza kuvikwa kinga akaingia kwa muda mfupi? Achagueni mapema awe mtu mzima mwenye afya, asiye na mimba wala mtoto wa kunyonyesha.

6. Padre, mchungaji au shehe aitwe kwa njia gani?

7. Akifariki, tutaarifiwa kabla ya mazishi? Nani atatuonyesha kaburi?

Na Jumuiya Ndogo Ndogo zisingoje tangazo la parokia. Nyumba iliyowekwa karantini inahitaji maji, unga, kuni na mtu wa kulisha mifugo. Vitu viachwe kwenye jiwe mbele ya uwanja, mwenye nyumba aitwe kwa sauti, na mletaji asimame pale mpaka aitikiwe. Ile kuitikiana ni sehemu ya msaada wenyewe. Mtu aliyefungiwa siku 21 na hakuna aliyemwita jina atatoka na jeraha ambalo sisi hatuna dawa yake.

Kwa wauguzi wenzangu nina neno moja. Kanuni za kuzuia maambukizo tuzishike bila kupunguza. Ila tukumbuke kwamba kanuni inayosema "ndugu haingii" haijasema "ndugu asijulishwe," wala haijasema "mgonjwa asisikie sauti ya mkewe." Hayo tuliyaongeza wenyewe kwa uchovu na hofu, nasi ndio tunaoweza kuyaondoa. Na amri yenyewe ikizidi kipimo cha ugonjwa, tuseme kwa wakubwa wetu. Mimi sikusema.

Tangu mwaka ule nina desturi moja kila ninapopokea zamu katika chumba cha kutengea. Nikishaambiwa mgonjwa ana joto kiasi gani na amepata dawa gani, namwuliza mwenzangu, "Nje kuna nani wake?" Kisha naandika jina la mtu huyo na namba yake ya simu juu ya faili. Zamani hatukuliandika jina hilo popote, na usiku ule, mwalimu aliponiuliza, nilimwita mke wake "mama" tu, kwa kuwa jina lake sikulijua.